Nilivyozuiwa Mlangoni pa Mwanangu

Mimi si mtu wa safari. Kazi yangu ni kuoka mikate hapa Mombasa, na mtu wa tanuri hujua njia mbili tu: ya kwenda tanurini alfajiri na ya kurudi nyumbani jua likiwa kali. Kama si mwanangu Rashidi, hadi leo nisingejua kwamba kuna mji uitwao Kisii, wala kwamba mbele ya Kisii kuna Nyamira, wala kwamba mbele ya Nyamira kuna mto wenye kinu cha maji, na kando ya kinu hicho wanaishi watu wakarimu kiasi cha kumtia mgeni wazimu.

Rashidi alikwenda bara kutafuta kazi kabla ya vita. Akajifunza ufundi wa vinu vya kusagia, akaoa huko huko binti wa Kigusii aitwaye Kemunto, na kwa kuwa hakuwa na shamba lake, wakwe zake wakampa mahali pa kujenga kwao. Harusi hatukuiona. Mkwe hatukumjua hata kwa sura. Kisha mwaka ule ambao askari walikuwa wamesharudi kutoka vitani, akatujia mchuuzi mmoja na ujumbe wa mdomo kutoka Kisii: boriti ya kinu imemwangukia Rashidi, mguu umevunjika juu ya goti, kidonda kimeingia homa, na wazazi wakitaka kumwona wasikawie.

Mke wangu, Mwanakombo, alikuwa anaumwa magoti, hata ngazi ya nyumba yetu ilikuwa ikimshinda. Alinifungia kanzu mbili na blanketi akaniambia, "Baba Rashidi, nenda ukamwone kwa macho yako. Usije ukaniletea habari za kuambiwa." Nikamwachia ndugu yangu tanuri, nikaondoka roho ikiwa juu.

Ya garimoshi sina mengi ya kusema. Watu husifia milima na wanyama wanaoonekana dirishani. Mimi niliona mgongo wa bwana mmoja mnene aliyekaa baina yangu na dirisha mpaka Nairobi, na kutoka Nairobi hadi Kisumu akakaa mwingine. Kisumu nikapanda meli ya ziwani hadi Kendu, na Kendu nikapata lori lililopakia magunia ya chumvi. Nilikaa juu ya magunia. Lori lilipanda milima likilia, mvua ikatunyeshea, ikaacha, ikatunyeshea tena, na chumvi ikaanza kuyeyuka chini yangu. Nilipofika Kisii kanzu yangu ilikuwa ngumu kama ubao.

Jioni hiyo, mjini Kisii, nilipokewa na Bi Zuhura, yule aliyetuma ujumbe. Ni mama mwenye duka dogo la vitambaa karibu na msikiti. Baba yake alikuwa Mmanyema aliyekuja na misafara ya zamani, mama yake Mgusii, na yeye mwenyewe anazungumza lugha zote mbili kwa kasi ile ile. Kiswahili chake ni cha kwao, lakini baada ya mwendo ule nilikisikia kitamu kuliko kasida.

"Karibu mzee wangu," aliniambia. "Pole ya njia. Mtoto yako nilisikia bado iko na nguvu."

"Ulisikia lini?"

"Siku ya soko ile ingine. Kesho ni soko tena, ndugu ya bibi yake atakuja, utaenda na yeye. Mimi siwezi kufunga duka. Lakini usijali, Onchari anajua Kiswahili vizuri sana. Alikuwa askari."

Maneno hayo ya mwisho nataka msomaji ayashike, maana ndiyo yaliyoniponza.

Asubuhi ya soko mji ulijaa ndizi. Sijapata kuona ndizi namna ile. Zilikuja migongoni mwa wanawake na juu ya punda, kijani kitupu, mpaka barabara ikapotea. Katikati ya ndizi hizo akatokea mtu mrefu aliyevaa koti la jeshi juu na suruali ya viraka chini. Alinitazama, akatabasamu mpaka meno ya nyuma, akagonganisha visigino na kunipigia saluti mbele ya watu wote.

"Wewe!" alipaza sauti. "Baba ya Rashidi! Simama sawa!"

Nilisimama sawa. Ningefanyaje? Huyo ndiye Onchari, kaka yake Kemunto, na ilinichukua nusu saa tu kufahamu kwamba Kiswahili chake chote alikiokota kwenye gwaride. Alikuwa nacho kingi, hilo silikatai, lakini kilikuwa chote cha amri. Hakujua kuuliza. Hakujua kueleza. Alijua simama, lala chini, kamata, haraka, nyamaza, geuka nyuma, hatari. Na maneno hayo aliyasema kwa upole mkubwa na uso wa furaha, kama mtu anayemkaribisha mgeni halua.

Nikamuuliza, "Rashidi hajambo?"

"Rashidi ndani!" akajibu. "Twende! Kushoto, kulia!"

Adhuhuri tukapanda lori la kwenda Nyamira. Njia nzima nilimuuliza habari za mwanangu kwa kila namna niliyoijua. Nilionyesha mguu, nikafanya kama mtu mwenye homa, nikafumba macho. Alitazama mchezo wangu kwa makini, akanivisha koti lake akidhani nasikia baridi. Baridi kweli nilikuwa nayo, lakini hilo silo nililouliza.

Nyamira tulishuka tukaendelea kwa miguu. Nchi ile haina mahali pa tambarare hata pa kuweka sufuria. Unapanda, unashuka, udongo ni mwekundu na unateleza, na kila kilima kina nyumba, na kila nyumba ina mtu anayekutaka uingie. Nyumba ya kwanza walitupa ndizi za kuchemsha. Nyumba ya pili wakatupa maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu. Ya tatu palikuwa na wazee wanakunywa pombe ya wimbi kwa mirija mirefu, wakanipa mrija, nikakataa kwa mikono miwili, wakadhani naona haya, wakaniletea mrija mrefu zaidi. Nilitaka kulia. Mwanangu yuko kitandani, na mimi nazungushwa kama bwana harusi.

"Onchari, twende!" nilimwambia. "Sitaki kula. Nataka mwanangu!"

"Kula!" akaniamuru, akitabasamu. "Halafu twende!"

Hapa lazima niseme jambo la kwetu, ili ijulikane kwa nini kila tonge lilinikaba. Sisi watu wa pwani, mtu akija kutoka mbali kwenye nyumba yenye msiba, hatumwambii mlangoni. Hukaribishwa vizuri, akapewa maji, akalishwa, akaachwa apumzike mwili. Ndipo mtu mmoja mwenye busara humkalia karibu na kumpasulia. Kadiri habari inavyokuwa nzito ndivyo anavyolishwa zaidi. Nami tangu kushuka kwenye lori sikuwa nimefanya jambo jingine ila kulishwa.

Jua lilipoanza kuinama tukafika. Mto ulikuwa unanguruma bondeni, kinu kimesimama kimya, na juu ya kinu kulikuwa na boma la nyumba mbili za nyasi zilizotazamana, zimezungukwa na migomba. Onchari akanyoosha kidole kwenye moja. "Rashidi!" akasema. Moshi ulikuwa unapenya juu ya paa. Nikauacha mzigo wangu chini nikaenda mbio kwenye mlango ule.

Sikufika. Mama mmoja mnene mwenye nywele nyeupe alitokea sijui wapi akasimama mbele yangu, mikono ameitandaza. "Yaya! Yaya!" alisema, ambayo kwao ni kukataa. Nyuma yake msichana aliyebeba beseni alinitazama mara moja, akaangusha beseni, akakimbilia migombani akiwa amejifunika uso kwa kanga. Wanawake wengine wawili wakapiga kelele. Sikujua nimefanya nini. Mimi ni mzee wa watu, nimevaa kanzu, nimekuja kumwona mwanangu, na watu wananikimbia utadhani nimekuja uchi.

"Hatari!" alisema Onchari akinishika mkono. "Hapana ingia! Geuka nyuma!"

"Kwa nini nisiingie? Amekufa?"

"Hapana kufa. Yeye lala. Wewe kaa!"

Nani angeamini? Hata sisi kwetu tunasema hivyo hivyo: amelala, ngoja, kunywa maji kwanza. Yule mama akanishika mkono wa pili, akanipeleka nyumbani kwake, nyumba ile ya kutazamana, akanikalisha juu ya kigoda na kuanza kunisemesha. Alikuwa Kwamboka, mama yake Onchari na Kemunto, mjane. Alisema mengi sana. Sijui alisema nini, lakini alikuwa akinigusa goti na kunitazama machoni kana kwamba naelewa, na kila alipofika mwisho wa jambo alisubiri niitikie. Nikaitikia, "Ee." Akafurahi. Akaendelea na jambo jingine. Kisha akaniletea ugali wa wimbi na mboga chungu iliyopikwa kwa maziwa, sinia zima, nami nikaitazama ile mboga huku machozi yananitoka. Akadhani ni uchungu wa mboga, akaongeza maziwa.

Nikatoka nje nikaita kwa sauti kubwa, "Rashidi! Ni mimi baba yako!"  Hakuna aliyejibu kutoka ndani.

Usiku nilipelekwa kulala kwa Onchari, ng'ambo ya mto. Daraja lilikuwa gogo moja lililolowa. Nilivuka kwa kutambaa, naye nyuma yangu akinitia moyo kwa njia yake: "Usianguke! Usianguke!" Sikulala. Nilikuwa natunga maneno ya kumwambia Mwanakombo.

Alfajiri nikavuka tena gogo lile peke yangu, nikasali uani. Kwamboka aliniona natawadha kwa maji ya mtoni, akapiga kofi kwa kusikitika. Kuanzia siku hiyo, kila wakati wa sala ulipokaribia alikuwa ameshaniwekea maji ya moto kwenye kibuyu, na nilipokuwa nasujudu alikuwa akiwanyamazisha kuku kwa kuwarushia vijiti. Mwanamke ambaye hatujui neno hata moja pamoja! Jambo hilo lilinigusa, na kwa kuwa lilinigusa likanikasirisha zaidi. Kama una huruma kiasi hicho, si unifungulie mlango?

Maana mlango sikufunguliwa. Nilijaribu tena asubuhi hiyo kwa adabu, nikapiga hodi. Yule msichana, ambaye sasa nilishajua ndiye Kemunto mkwe wangu, alitoka kwa upande wa nyuma akaenda zake mbio. Nilijaribu kwa ujanja, nikijifanya naokota kitu karibu na ukuta. Kwamboka akaja, akakaa kwenye kizingiti na mwili wake wote, akaanza kumenya ndizi. Aliponiona bado nimesimama alinipa moja. Akatoka mzee mwenye vipande vya mianzi na kamba, nikafahamu kwamba ni mganga wa mifupa, nikamrukia. "Anaishi? Mwanangu anaishi?" Akanishika mabega, akacheka kwa wema, akasema maneno marefu, akaenda zake. Mtu anayecheka ametoka kwa mgonjwa au ametoka kwa maiti? Nilikuwa siwezi tena kupambanua.

Mchana watu wakaanza kuja. Walikuja wanaume na miti mabegani, wanawake na matita ya nyasi, wengine na kamba za migomba. Walikuwa wanaimba. Wakachagua mahali penye nafasi baina ya zile nyumba mbili, wakaanza kuchimba.

Ndipo nikasema basi. Wanachimba. Nimelishwa vya kutosha, sasa wanachimba, na wanaimba kwa sababu huenda ndiyo desturi yao. Nikakaa chini kwenye matope. Onchari alipita na gogo begani, akanikuta hivyo, uso wake ukabadilika. Akaliweka gogo, akachuchumaa mbele yangu. Niliona anatafuta neno. Alilitafuta kwenye gwaride lote, kambi zote, meli zote alizopanda, na hakulipata. Jasho lilimtoka. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Baba. Ngoja. Kesho."

"Kesho nini?"

"Kesho," akasema tena, akanishika mkono na kuniinua. Akaniongoza mpaka kwenye shimo walikokuwa wanamwaga maji juu ya udongo. "Kanyaga!" akaniamuru.

Sijui kwa nini nilitii. Labda kwa sababu kukaa kulikuwa kunaniua. Nikapandisha kanzu, nikaingia kwenye udongo pamoja na wanawake. Kukandika ni kazi ya wanawake kule, nilikuja kuambiwa baadaye, na walipoona mzee mwenye ndevu na kofia ya kiua anakanyaga tope waliangua kicheko kilichofika ng'ambo ya mto. Nikawaacha wacheke. Nilipoona wanalikanda vibaya, lina mabonge, nikainama nikaanza kulikanda kwa mikono. Mimi nimekanda unga maisha yangu yote, na tope lina tabia zile zile. Nilikanda kwa hasira. Nililipiga, nikalikunja, nikalipiga. Kila pigo nilikuwa nasema jambo: hili la Onchari, hili la Zuhura, hili la boriti ya kinu. Wanawake wakaacha kucheka wakaanza kunipokea madonge na kuyapaka kwenye fito. Mmoja akalishika donge langu, akalibonyeza, akawaonyesha wenzake. Wakaanza kunipigia vigelegele kila nilipomaliza fungu. Jioni nilikuwa mwekundu mpaka kwenye ndevu, na Kwamboka mwenyewe ndiye aliyeniosha mikono, kidole kimoja kimoja, akisema nami muda wote.

Nikaangalia kilichojengwa. Hakikuwa kaburi. Ilikuwa nyumba, ndogo, ya mviringo, yenye mlango mmoja, na ndani wamewasha moto mkubwa ili kuta zikauke.

Siku ya pili yake asubuhi, nikiwa nimekaa kwa Kwamboka na sinia jingine mapajani, nikasikia sauti za wanaume, "Polepole, polepole," kwa lugha yao, lakini polepole haihitaji mkalimani. Nikatoka. Wanaume wanne walikuwa wamebeba kitanda kizima kutoka nyumba ya Rashidi, Onchari mbele akiwaamuru kushoto kulia, na juu ya kitanda amelala mwanangu, mguu umefungwa mianzi, amekonda, macho yamezama. Macho yalikuwa wazi. Wakamwingiza kwenye nyumba mpya, wakamweka karibu na moto. Onchari akatoka, akasimama wima mlangoni, akanipigia saluti.

"Baba ya Rashidi!" akasema. "Ingia!"

Niliingia nikaanguka kwenye miguu ya kitanda. Nilimshika mwanangu uso, masikio, mabega, nikahesabu vidole vyake kama siku aliyozaliwa. Nililia bila aibu.

"Baba," alisema Rashidi, sauti kama ya mtu aliye chini ya kisima. "Umekuja."

"Nimekuja tangu juzi! Nimekuja juzi na nikakuita! Hawa jamaa zako wameninyima mlango, wananilisha kama ng'ombe wa sadaka, hawasemi kitu!"

Alijaribu kucheka, ikamuuma. Akaniambia kwamba juzi na jana alikuwa hajitambui, homa imempanda, mganga amempa dawa ya kumlaza alipokuwa anakaza mifupa. Sauti yangu aliisikia akadhani ni ndoto. Halafu akanieleza, kwa vipande vipande huku akipumzika, lile ambalo watu wote wa boma walikuwa wamejaribu kunieleza.

Kwa Wagusii, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Haingii kabisa. Nyumba ile ni ya mke wa mwana, na kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe kuna heshima na haya wanayoiita chinsoni. Baba mkwe akivuka kizingiti kile, wanaamini madhara huwashukia watoto na wagonjwa. "Wangekuruhusu uingie na mimi niko katika hali ile, Baba, ingekuwa wameniua wao," alisema Rashidi. Nami, upande wangu, siwezi kulaumu, maana na sisi tuna yetu.

"Basi si wangekupeleka kwa Kwamboka?"

"Mimi siingii kwa mama mkwe. Hiyo ni mbaya zaidi."

"Na kwa Onchari?"

"Umeliona gogo?"

Nililiona gogo. Hapo ndipo nilipoelewa. Baba haingii kule, mwana haingii huku, mgonjwa hawezi kuvuka mto, wala hawezi kulazwa uani kwenye mvua ya kila alasiri. Kwa hiyo jirani wote wameacha mashamba yao, wakakusanyika kwa ushirika wao wa kusaidiana, wakajenga nyumba ya tatu, ili mzee asiyejua kuomba maji kwa lugha yao aweze kumshika mwanawe mkono. Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye tope nikiwalaani.

Siku zilizofuata tulikaa pamoja, mimi na Rashidi, ndani ya nyumba ile yenye harufu ya udongo mbichi. Homa ikashuka. Mchana Onchari alileta kuku, akanipa kisu: "Wewe Islamu! Kata!" Vitani alikuwa na Waislamu, hilo alilijua vizuri. Chakula kilipikwa na Kemunto. Aliweka sinia mlangoni, akabisha ukutani kwa kidole, na nilipotoka nilikuta mgongo wake unatokomea migombani. Nilipokwenda mtoni ndipo alipoingia kumsafisha mumewe kidonda. Nikirudi nakuta kitanda kimetandikwa, moto umechochewa, kanzu yangu imefuliwa. Hilo nalo lilinichosha. Kwetu mkwe humbusu mkono baba wa mumewe, humletea kahawa, wakataniana. Mimi wangu nilimjua kwa kisogo.

"Mwambie aje anisalimie basi," nilimwambia Rashidi.

"Baba, ndivyo anavyokusalimia."

Asubuhi ya kuondoka, Rashidi alikuwa anakaa kitako mwenyewe na kudai chai. Niliwaaga watu wote kwa mkono, Kwamboka mara tatu, kwa kuwa kila nilipomwacha alikumbuka jambo jingine la kuniambia. Kemunto hakuwapo. Nikasimama mlangoni pa nyumba ile ndogo, nikatazama nyumba yake, nikaona kivuli nyuma ya ukuta wa fito. Nikaona siwezi kwenda hivi. Nikasema kwa sauti ya kufika kule, kwa Kiswahili changu, maana sina kingine:

"Binti yangu. Mama yake Rashidi aliniambia nije nimwone kwa macho yangu, nami nimemwona, yuko hai, na ni kwa mikono yako. Sijauona uso wako vizuri. Chakula chako nimekula. Mungu akuweke."

 Halafu sauti ikatoka nyuma ya ukuta, sauti changa, ikisema Kigusii taratibu, neno baada ya neno, kama mtu anayemsemesha mtoto ili aelewe. Ilikuwa ndefu. Mwisho wake ilipanda kidogo, ikanyamaza, ikangoja. Mimi nilishazoea kwa Kwamboka nini hufanywa hapo.

"Ee," nikaitikia.

"Tata, genda buya," ikasema sauti ile. Hayo niliyaelewa: baba, nenda salama.

Jioni nilikuwa Kisii mjini kwa Bi Zuhura, na Onchari amenisindikiza mpaka ndani. Kabla sijakaa nilimmwagia Zuhura yote yaliyokuwa kifuani.

"Kwa nini hukuniambia? Nimekaa siku mbili najua mwanangu amekufa!"

"Nikuambie nini, mzee wangu? Nani hajui kama baba haingii kwa kijana yake?"

"Mimi! Mimi sijui! Mombasa nzima haijui!"

Akashika mdomo. Onchari akamwambia jambo kwa lugha yao, akinionyesha kidole, na wote wawili wakacheka mpaka Zuhura akakaa chini kwenye majora yake ya vitambaa.

"Nini tena?"

"Anasema ile asubuhi bibi ya Rashidi alikuuliza kitu, na wewe ukakubali."

"Aliniuliza nini?"

Zuhura akafuta macho. "Amesema hiyo nyumba walijenga ni yako. Si ya mgonjwa. Mwanaume hawezi kuwa na mtoto kwa boma halafu yeye mwenyewe hana mahali pa kulala. Amesema kila jioni atawasha moto ndani, nyumba isipate baridi. Halafu akakuuliza: wimbi ikivunwa, utarudi na mama ya Rashidi, ama awashe moto ya bure?"

"Nami nikasema ee."

"Ukasema ee."

Nilirudi Mombasa kwa njia ile ile, na abiria wanene wale wale, au ndugu zao. Wateja wananiuliza nimejifunza nini huko bara. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kukupenda kwa bidii yake yote na wewe usione ila kero, kwa sababu mapenzi yake hayakupitia mlango ulioutarajia. Nimejifunza kutambaa juu ya gogo. Lugha yao sikujifunza, na bado inaniudhi.

Mwanakombo nilimpa habari kama alivyotaka, za macho yangu mwenyewe. Alisikiliza yote, kisha akauliza tope lile nililikanda vipi hata kuta zisipasuke. Baadaye nikamkuta anajifunga magoti kwa kitambaa na kujaribu kupanda ngazi, kipandio kimoja, anapumzika, kingine. Nikamuuliza anafanya nini.

"Wewe umeshatoa ahadi," akasema. "Na mtoto wa watu anachoma kuni zake kila jioni."